UZI: Mashine ya saratani ipo. Moyo wa mgonjwa nani anapima? 🧵

1/ Kila mdahalo wa afya Kenya una sentensi mbili ambazo lazima uzisikie. Upande mmoja: "Tumeleta mashine za saratani." Upande wa pili: "Mashine zenyewe zinakula vumbi." Watu wanapiga makofi, mtangazaji anaenda mapumziko, mgonjwa anabaki pale pale kwa foleni.

2/ Leo nimechagua kipimo kimoja tu, picha ya moyo kwa mgonjwa wa saratani, tukitumie kuchambua huo mjadala mzima. Kama kawaida ya hizi nyuzi zangu: sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Mimi nasomea siasa, si udaktari. Cha kwako wewe binafsi muulize daktari wako. Cha bajeti na sera, karibu tubishane hapa.

3/ Kwanza ukubwa wa shida. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, yanaonyesha mwaka wa 2022 Kenya ilipata wagonjwa wapya wa saratani karibu 45,000, na waliokufa ni zaidi ya 29,000. Kwa wanawake, ya matiti ndiyo inayopatikana zaidi. Kwa hivyo hatuongelei ugonjwa wa watu wachache wa Nairobi.

4/ Sasa swali ambalo huwa halifiki jukwaani: moyo unaingiaje kwa saratani? Unaingia kwa sababu baadhi ya dawa zinazoua saratani huumiza pia misuli ya moyo. Mtu anapona uvimbe, halafu miezi au miaka baadaye anashindwa kupanda ngazi, miguu inavimba, usiku analala akiwa ameegemea mito mitatu. Moyo umechoka kusukuma damu.

5/ Dawa inayojulikana zaidi kwa hili ni doxorubicin. Aliyewahi kumsindikiza mtu kemo anaijua: ile nyekundu kama soda. Imeokoa watu wengi sana, na bado inatumika kila siku. Lakini madhara yake kwa moyo hujumlika. Kila dozi inaongezea juu ya ile ya jana, na mwili haufuti hesabu.

6/ Utafiti uliochapishwa 2003 ulikadiria hivi: ukifika jumla ya miligramu 400 kwa kila mita mraba ya mwili, karibu watu 5 kwa 100 wanapata moyo kushindwa kazi. Ukifika 550, ni 26. Ukifika 700, ni 48. Ndiyo maana siku hizi madaktari wanaweka mpaka, na wengi wa saratani ya matiti wanapewa chini ya hapo. Lakini chini ya hapo si sawa na sifuri, hasa kwa mtu mzee, mwenye presha, kisukari, au shida ya moyo ya zamani.

7/ Dawa ya pili ni trastuzumab. Hii ni ya saratani ya matiti ya aina inayoitwa HER2, ambayo ni kama wagonjwa 15 hadi 20 kwa kila 100. Ilipokuja, ilibadilisha kabisa hatima ya hao wanawake. WHO iliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka wa 2015. Hapa Kenya bei yake imekuwa hoja ya siasa kabisa, na kuna ahadi zimetolewa juu yake.

8/ Shida: kwa utafiti mkubwa wa 2001, waliopewa trastuzumab pamoja na dawa za familia ya ile nyekundu kwa wakati mmoja, 27 kwa 100 walipata tatizo la moyo. Baada ya hapo utaratibu ukabadilika. Zinapeanwa moja baada ya nyingine, na moyo unapimwa njiani. Habari njema ni kwamba madhara ya trastuzumab mara nyingi hurudi nyuma, ukiyashika mapema.

9/ Na mionzi? Nayo imo. Titi la kushoto liko juu ya moyo. Mionzi ikipita hapo, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inapanda kadiri dozi inayofika kwa moyo inavyopanda, na inaweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Mashine nzuri na wataalamu wazuri wanaweza kumwambia mgonjwa avute pumzi aishike, moyo usogee mbali kidogo na miale. Kitu kidogo hivyo, lakini kinahitaji mtu aliyefunzwa.

10/ Tufike kwa picha zenyewe. Kipimo kikuu ni eko. Ni ultrasaundi, ile ile teknolojia ya kuangalia mtoto tumboni, ila hapa inaelekezwa kifuani. Haina mionzi, haina sindano. Unalalia ubavu wa kushoto, unapakwa jeli, na ndani ya muda usiozidi saa moja umemaliza.

11/ Namba inayotafutwa hapo ni asilimia ya damu inayosukumwa nje kila moyo unapopiga. Moyo mzima hausukumi damu yote, hilo ni kawaida. 55 kwenda juu mpaka kama 70 ni sawa. Ikishuka kwa pointi 10 au zaidi na kufika chini ya 50, madaktari wanakaa macho. Mashine za kisasa zinapima pia jinsi misuli inavyojikunja, na hiyo inaweza kuonyesha uharibifu kabla ile asilimia haijashuka.

12/ Kuna picha nyingine. MRI ya moyo ni sahihi sana, lakini ni ghali na haipatikani kirahisi. Kuna skani ya nyuklia, ambapo unadungwa dawa yenye mionzi kidogo na kamera inahesabu damu inavyotoka. Na kuna CT ya kifua ambayo mgonjwa wa saratani mara nyingi ameshafanyiwa tayari: daktari akiangalia vizuri anaweza kuona chokaa kwenye mishipa ya moyo bila kumtoza mtu shilingi ya ziada. Ila kwa Kenya nzima, farasi wa kazi ni eko.

13/ Inafanywa lini? Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa 2022 unasema: kabla ya kuanza dawa hizi, pima, upate pa kuanzia. Ukiwa kwa trastuzumab, pima kila miezi 3. Tiba ni kama mwaka mmoja, dozi kila wiki tatu. Kwa hivyo mgonjwa mmoja anahitaji eko kama tano hivi. Shikeni hiyo namba, tutairudia kwa bajeti.

14/ Kwa nini haraka? Utafiti wa Milano, Italia, uliochapishwa 2010, ulifuata wagonjwa 201 ambao mioyo yao ilikuwa imedhoofishwa na dawa za familia ya ile nyekundu. Walioanzishiwa dawa za moyo ndani ya miezi miwili baada ya kemo, 64 kwa 100 mioyo yao ilirudi sawa. Walioanza baada ya miezi sita, hakuna hata mmoja aliyerudi sawa kabisa. Rudia kusoma hiyo. Hakuna hata mmoja.

15/ Na dawa zenyewe za moyo si za ajabu. Ni enalapril na carvedilol, vidonge vya zamani vya presha na moyo ambavyo mfamasia yeyote anavijua. Kwa hivyo kinachokosekana hapo si pesa za dawa. Kinachokosekana ni mtu wa kukuambia mapema kwamba unazihitaji. Ndiyo maana nasema hili ni swali la utawala kabla halijawa swali la sayansi.

16/ Nitawapa mfano mmoja wa nyumbani. Shangazi yangu alitibiwa saratani ya matiti hospitali ya umma, sitaitaja. Alimaliza ile nyekundu, akaambiwa leta eko kabla ya dawa inayofuata. Mashine ilikuwepo, tuliiona kwa macho yetu. Anayeifanya alikuwa anakuja siku moja kwa wiki, na kitabu kilikuwa kimejaa miezi miwili mbele.

17/ Chama chake kikachanga, akaenda hospitali ya kibinafsi. Majibu: 47. Kabla ya kemo alikuwa 63. Alikuwa hajisikii kitu, anadhani ni uchovu wa kawaida wa matibabu. Akaanzishwa vidonge, dawa ya saratani ikasubiri wiki chache, akapimwa tena, akaendelea. Sasa piga hesabu ya yule aliyekuwa nyuma yake kwa foleni na hana chama.

18/ Tuingie siasa sasa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 21 kinasema haki hiyo itekelezwe hatua kwa hatua. Wanasiasa wanaipenda sana hiyo "hatua kwa hatua". Swali lako kwao liwe: sawa, hatua ya mwaka huu ni ipi, na tutaipima vipi?

19/ Pili, nani anawajibika? Jedwali la Nne la Katiba linaipa serikali kuu sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa. Kaunti 47 zinabeba hospitali nyingine zote za umma na zahanati. Bima ni SHA, ambayo ni ya kitaifa. Kwa hivyo eko ya shangazi ina baba watatu: kaunti inaajiri anayepima, serikali kuu inaweka sera, SHA inalipa. Mtoto akilala njaa, kila baba ananyooshea mwenzake kidole.

20/ Hapa ndipo historia ya mashine inatufundisha. Mwaka wa 2015 serikali kuu iliingia mkataba wa kukodisha vifaa: hospitali mbili kila kaunti, pamoja na nne za kitaifa, jumla 98. Kulikuwa na vifaa vya upasuaji, kusafisha figo, ICU na vya picha. Kila kaunti ilikatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka mwanzoni, baadaye ikapanda mpaka milioni 200.

21/ Kamati maalumu ya Seneti ilipochunguza na kutoa ripoti 2020, ilikuta sehemu nyingine vifaa vimekaa tu: hakuna stima ya kutosha, hakuna chumba, hakuna mtaalamu. Pahali pengine vifaa hivyo viliokoa watu kweli, lazima tuseme haki. Kwa hivyo zile sentensi mbili za mdahalo zote ni kweli kwa pamoja. Ndiyo maana hazisaidii chochote zikiachwa hivyo.

22/ Darasani tunaita hii tofauti ya pembejeo na matokeo. Mashine ni pembejeo: ina utepe, ina picha, ina mkasi. Matokeo ni mwanamke ambaye moyo wake *haukushindwa*. Huyo hana utepe. Hakuna mtu anayepiga picha na ugonjwa ambao haukutokea. Siasa yetu hulipa kinachoonekana, kwa hivyo tunapata mashine nyingi kuliko wapimaji.

23/ Na mpimaji si pambo. Eko ya kawaida inaweza kutofautiana karibu pointi 10 kutoka kwa mpimaji mmoja hadi mwingine. Yaani mtu asiyefunzwa anaweza kukuambia umeshuka kumbe hujashuka, ukakatiziwa dawa inayokuokoa na saratani. Au akuambie uko sawa kumbe moyo unazama. Ndiyo maana inashauriwa mgonjwa apimwe mahali pale pale, ikiwezekana na mashine ile ile. Mashine bila mtu ni televisheni ya bei ghali.

24/ Mnakumbuka mgomo wa madaktari wa 2024? Siku 56. Watu wengi mtandaoni walisema ni wa mishahara tu. Lakini swali la ni nani anaajiriwa, kwa mkataba gani, na anabaki kaunti gani, ndilo linaloamua kama kuna mtu nyuma ya hiyo mashine Jumatatu hadi Ijumaa. Mjadala wa ajira za afya na mjadala wa mashine ni mjadala mmoja. Tunaufanya mara mbili kwa sababu tumeutenganisha.

25/ Tatu, bima. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Ilipoanza, saratani ilitengewa shilingi 400,000 kutoka mfuko wa bima na 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu na dharura, jumla 550,000 kwa *familia* kwa mwaka. Si kwa mtu, ni kwa familia. Tangu hapo ubishi wote umekuwa juu ya hiyo namba: iongezwe, inatosha, haitoshi.

26/ Ni ubishi wa maana, siukatai. Lakini namba kubwa inaweza kuficha swali muhimu zaidi: ndani yake kuna nini? Zile eko tano zinatoka kwa pesa za saratani au kwa pesa za vipimo? Zikitoka kwa za saratani, kila kipimo cha moyo kinakula dozi ya dawa, na mgonjwa ataruka kipimo. Wewe pia ungeruka. Mtu anayechagua kati ya dawa leo na moyo wa mwakani atachagua dawa.

27/ Kuna wale watajibu: "Sisi bado tunakosa dawa na chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, wewe unaleta mambo ya Ulaya." Hoja nzuri, na naiheshimu. Jibu langu: si kila mgonjwa anahitaji eko tano. Kwa wengi, kuanza na maswali, presha, ECG na eko moja kunatosha kuwachuja walio hatarini. Hao ndio wafuatwe kwa karibu. Hiyo ni kupanga, si anasa.

28/ Isitoshe, eko si ya saratani peke yake. Ndiyo inayogundua moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi kwa watoto. Ndiyo inayomwona mama ambaye moyo wake umedhoofika baada ya kujifungua. Ndiyo inayoona maji kuzunguka moyo kwa mgonjwa wa TB. Ukiajiri mpimaji mmoja mzuri hospitali ya kaunti, umehudumia wodi nne. Wenye kubishania "bei ya kipimo" huwa wanasahau hilo.

29/ Na msiniambie haiwezekani Afrika Mashariki. Kaskazini mwa Uganda, eneo la Gulu, watoto zaidi ya 100,000 walipimwa moyo kwa eko kwa ajili ya utafiti uliochapishwa 2021. Si Ulaya, ni hapo jirani. Ilichohitaji ni mpango, mafunzo na vifaa vidogo vya kubebeka. Hakuna aliyesubiri jengo la ghorofa kumi.

30/ Sasa zawadi yenu. Mdahalo ukija, au MCA akipita mtaani, au gavana akiwa redio ya asubuhi, msimuulize "mmeleta mashine?" Atasema ndiyo. Muulizeni haya matano:

31/
a) Hospitali yetu ya kaunti ina wapimaji wangapi wa eko, na wanafanya kazi siku ngapi kwa wiki?
b) Mgonjwa wa kemo anasubiri siku ngapi kutoka siku ya kuandikiwa hadi siku ya kupimwa?
c) Mashine ikiharibika, nani anarekebisha, na mkataba unasema ndani ya siku ngapi?
d) Eko ya mgonjwa wa saratani inalipwa kutoka kwa fungu gani?
e) Majibu yanarudi kwa daktari wa saratani, au mgonjwa anayabeba mwenyewe kwa mfuko wa Juala?

32/ Oneni kitu kimoja: hakuna swali hapo linalojibiwa kwa kumtusi mpinzani. Hakuna linalojibiwa kwa "hiyo ilikuwa serikali iliyopita". Yote yanahitaji namba, na namba inaweza kurudiwa kuulizwa mwakani. Mwanasiasa mwenye majibu atayafurahia. Asiye nayo atarudi kwa utepe na mkasi.

33/ Na kama wewe au mtu wako yuko kwa kemo: uliza daktari kama dawa zako zinagusa moyo, na kama umepimwa kabla ya kuanza. Weka nakala ya kila majibu, na jumla ya dozi ulizopewa, hata miaka kumi baadaye. Ukishindwa kupumua, miguu ikivimba, au uchovu ukizidi, sema. Usijiambie "ni kemo tu". Na usiache dawa ya saratani peke yako kwa sababu umesoma uzi wa mwanafunzi.

34/ Wiki ijayo: kwa nini pesa za kaunti huchelewa kila mwaka, na nani hasa anazikalia. Mko na jibu la swali (b) kwa kaunti yenu? Wekeni hapa chini, kaunti na siku ulizosubiri, bila majina ya wagonjwa. Tukusanye wenyewe.